Gemu Inaganda na Rauta Inawaka Vizuri Tu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo Liko Wapi

Wiki haipiti bila kijana kuja pale kwangu Mwanga, hapa Kigoma, na rauta kwenye kibegi, anasema fundi hii imekufa, nikiichomeka inawaka taa zote, simu inashika waifai, video inafunguka, alafu yeye anabaki ananiangalia kama nimeroga kitu. Ukimuuliza tatizo ni nini anasema gemu inaganda. Ukimuuliza ulishafanya nini anasema nimeireseti mara tatu, nimenunua bando kubwa zaidi, nimebadilisha DNS kuna mtu aliniambia, na sasa nataka ninunue rauta nyingine.

Hapo ndo wengi wanapoangukia. Wanatibu kabla hawajapima. Rauta mpya haitakusaidia kama shida ni mnara, bando kubwa halitakusaidia kama shida ni waifai ya chumbani, na kureseti kunaweza kukuharibia hata kile kilichokuwa kinafanya kazi. Kwaiyo humu tunapima kwanza, tukishajua njia imeharibika sehemu gani ndo tunagusa sehemu hiyo tu. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke, hata kama unahisi unajua tatizo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- Simu ya Android yenye apu ya kupima pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) na ya kuangalia chaneli za waifai. Natumia PingTools na WiFiman, zote za bure.
- Laptop kama ipo, hata ya kuazima kwa jirani kwa lisaa limoja. Simu inatosha ila laptop inapima vizuri zaidi.
- Waya wa LAN, ule wenye vichwa vya plastiki vya kubonyea, ulioandikwa Cat5e au Cat6 pembeni. Mita tano zinatosha kwa vipimo.
- Adapta iliyokuja na rauta, sio ya king'amuzi.
- Testa ya fundi umeme ukiweza kuazima.
- Paswedi ya kuingilia ndani ya rauta. Mara nyingi iko kwenye stika chini yake. Piga picha hiyo stika leo, kesho itafutika.
- Daftari na kalamu. Hiki ndo kifaa ambacho hakuna anayekuja nacho na ndo ninachokihitaji kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Andika tatizo lako kwa maneno

"Mtandao mbovu" sio tatizo, ni malalamiko. Kuna aina tatu na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni kukatika kabisa, yaani gemu inakutoa na hata simu inakosa intaneti kwa dakika kadhaa. Ya pili ni kuganda na kuruka, mchezaji wako amesimama alafu ghafla yuko kwingine na goli limeshaingia, lakini mtandao haujakatika. Ya tatu ni ile ambayo gemu inakwenda vizuri ila huwezi kuingia kwenye chumba cha mwenzako au humsikii anapoongea.

Andika ni ipi. Andika saa. Andika nani alikuwa nyumbani na simu ngapi zilikuwa zinatumia waifai. Fanya hivyo siku mbili. Ukiona inatokea saa mbili usiku kila siku na asubuhi hakuna shida, umeshapata nusu ya jibu bila kugusa kitu.

Umefanikiwa ukiwa na: sentensi moja kama hii, "inaganda kila jioni kuanzia saa moja, waifai haikatiki, tunakuwa watu watano nyumbani."

## Hatua ya 2: Umeme na adapta

Watu wanairuka hii kwasababu taa zinawaka. Taa kuwaka haina maana umeme unatosha. Rauta nyingi za nyumbani zinataka volti 12 na ampia 1 au zaidi, imeandikwa chini yake na kwenye adapta pia, na hizo namba zinatakiwa kufanana. Volti lazima iwe ileile. Ampia ya adapta ikizidi haina shida, ikipungua ndo balaa: rauta inawaka, inakaa vizuri ikiwa haina kazi, ila gemu ikianza na simu nne zikiunganishwa inavuta umeme zaidi, adapta inashindwa na rauta inajizima na kujiwasha yenyewe.

Kujua kama inajizima ni rahisi. Ingia ndani ya rauta kwa brauza, andika 192.168.8.1 au 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kutegemea stika yako inasemaje, tafuta sehemu iliyoandikwa "Uptime". Huo ni muda iliokaa imewaka. Kama uliiwasha jana asubuhi, umeme wa nyumba haukukatika, na hapo panasoma dakika 25, imejizima dakika 25 zilizopita na hakuna haja ya kubishana.

Ukikuta hivyo chomoa kwenye ekstensheni, chomeka ukutani moja kwa moja, shika adapta baada ya lisaa. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoa mkono, itafutie nyingine. Na iguse rauta yenyewe pia, kama imefunikwa kitambaa au iko nyuma ya TV juu ya king'amuzi itoe hapo, joto la vifaa viwili vilivyokaliana linatosha kuifanya ijizime.

Tahadhari mbili. Zile rauta ndogo za mfukoni zenye betri zikikaa kwenye chaji usiku na mchana betri inaweza kuvimba. Ukiona mgongo umeanza kunyanyuka acha kuitumia, usiitoboe, usiibane na mpira. Ya pili ni radi. Msimu wa mvua hapa Kigoma, kuanzia Novemba hivi mpaka mwishoni mwa Aprili na kuendelea, ukisikia ngurumo zinakuja chomoa adapta na waya wa antena kabla mvua haijafika. Nimeshapokea rauta zilizoungua upande wa antena peke yake, na hizo hazitengenezeki kwa bei inayoeleweka.

Umefanikiwa ukiona: muda kwenye "Uptime" unaongezeka siku nzima bila kurudi sifuri.

## Hatua ya 3: Pima vipande vitatu vya njia

Hapa ndo moyo wa mwongozo huu, kwaiyo kaa chini na daftari lako.

Kati ya pedi yako na seva ya gemu (kompyuta ya mbali inayoendesha mechi) kuna vipande vitatu. Cha kwanza ni kutoka kwenye PlayStation, kompyuta au simu mpaka kwenye rauta, hiki kiko ndani ya nyumba yako na ni mali yako. Cha pili ni kutoka rauta mpaka kwa mtoa huduma, kwa wengi wetu hiki ni hewani mpaka mnarani, kwa wachache ni waya wa faiba. Cha tatu ni kutoka kwa mtoa huduma mpaka seva iliko, na hiki hukigusi kabisa.

Ukipima mwisho peke yake unaona ubovu ila hujui umeingilia wapi. Ukipima kila kipande unaujua.

Chukua laptop, kaa palepale PlayStation ilipo, sio karibu na rauta, maana unataka kupima kile ambacho gemu inakipata. Fungua dirisha jeusi la amri la Windows (Command Prompt), andika `ipconfig`, soma namba iliyo mbele ya "Default Gateway". Hiyo ndo anwani ya rauta yako. Kisha andika:

`ping 192.168.8.1 -n 100`

weka namba yako badala ya hiyo. Hiyo ni kipande cha kwanza. Kwa waya majibu yawe 1 ms (sehemu moja ya elfu ya sekunde) au chini yake. Kwa waifai nzuri yawe kati ya 2 na 10. Ukiona 3, 4, 3, 180, 5, 420, au mwishoni panasema kuna pakiti (vipande vidogo vya data) zimepotea, shida iko ndani ya nyumba yako na mtoa huduma hana kosa lolote. Nenda hatua ya 4.

Kikiwa safi, andika:

`ping 8.8.8.8 -n 100`

8.8.8.8 ni seva ya Google, kwaiyo hiki ni cha kwanza na cha pili kwa pamoja, na kidogo cha tatu. Hapa usiangalie udogo wa namba, angalia utulivu wake. Pingi ya 70, 72, 69, 74 inachezeka vizuri sana. Pingi ya 45, 48, 390, 46, 611 haichezeki hata kama wastani wake unapendeza, kwasababu kwenye ule mruko mmoja ndo unapopigwa risasi. Kama kipande cha kwanza kilikuwa kimetulia na hiki kinaruka, shida ni mnara au ni msongamano wa ndani kwako, hatua ya 5 na ya 6 zitakuambia ni ipi.

Kipande cha tatu unakiona ndani ya gemu yenyewe, kwenye namba ya pingi inayoonyesha. Kabla hujakasirika na hiyo namba elewa jambo moja. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa kila ms, kwaiyo kila kilomita 100 za njia zinakugharimu ms 1 kwenda na kurudi. Reli ya kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250, ukichukulia faiba inafuata urefu huohuo hiyo ni kama ms 13 imeshaliwa kabla hujatoka nchini, hapo hujahesabu muda wa kufika mnarani. Seva ikiwa Johannesburg una nafuu. Ikiwa Ulaya njia inazunguka baharini maelfu ya kilomita, ndo maana kuona 150 au zaidi kwenda Ulaya ukiwa Ujiji ni kawaida na hakuna rauta duniani itakayoishusha ifike 40. Ingia kwenye setingi za gemu, kama inakuruhusu kuchagua eneo la seva jaribu la Afrika, la Ulaya na la Mashariki ya Kati, andika namba za kila moja, chagua iliyotulia.

Kuna siku pia kipande hiki kinaharibika nchi nzima. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania yote. Siku kama hiyo kabla hujaanza kufungua rauta na bisibisi piga simu kwa rafiki aliyeko Dar au Mwanza, umuulize kwao vipi.

Pima mara mbili, saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Zipange namba kwenye daftari sambamba.

Umefanikiwa ukiweza kusema: "kipande cha kwanza kizima, cha pili kinaruka usiku tu."

## Hatua ya 4: Kipande cha kwanza kinaruka, yaani waifai

Kwanza chomeka waya wa LAN kutoka rauta mpaka PlayStation au laptop, pima tena. Kama kuruka kumeisha, hongera, tatizo ni hewa ya ndani ya nyumba. Kama unaweza kuuacha huo waya hapo moja kwa moja, uache, pitisha juu ya mlango, bana na misumari ya waya, hatua hii imeisha kwako. Mimi nikiulizwa waifai nzuri ya gemu ni ipi huwa nasema ni waya.

Kama haiwezekani, tuitengeneze waifai.

Mahali. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma na bati juu, na wengine wana mabati hata kwenye ukuta wa banda la nje ambako ndo vijana wanachezea. Waifai inapita tofali kwa shida na bati haipiti. Rauta iweke juu, kimo cha mtu aliyesimama, iwe wazi, isiwe nyuma ya TV wala juu ya friji wala pembeni ya simtanki au madumu ya maji, maji yanainywa waifai ya 2.4 GHz kama nini.

2.4 au 5 GHz. Ya 2.4 inafika mbali na inapenya ukuta ila imejaa watu. Ya 5 ina nafasi ila ukuta mmoja mnene unaiumiza. Ukiwa chumba kimoja na rauta tumia 5. Ila angalia hapa wengi wanapoteza siku nzima: ile PS4 nene ya kwanza, toleo la 2013, haina 5 GHz kabisa, hutaiona kwenye orodha hata ufanyeje, sio mbovu. Slim na Pro zinayo.

Chaneli. Kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 peke yake, hizo ndo haziingiliani. Fungua WiFiman uone majirani wako wapi. Ukikuta watano wako kwenye 6 na mmoja kwenye 11, wewe nenda 1. Watu wanapenda kuweka 3 au 4 wakidhani wamekwepa, kumbe wamejiweka katikati ya fujo za pande zote mbili. Upana wa chaneli weka 20 MHz, 40 kwenye mtaa wenye waifai nyingi inakuongezea kelele tu.

Vile vifaa vya kuongezea waifai vinavyochomekwa ukutani sivishauri kwa gemu. Vingi vinapokea na kutuma kwa redio ileile kwaiyo kila pakiti inasafiri mara mbili. Kwa video sawa, kwa gemu hapana.

Umefanikiwa ukiona: vipimo 100 kwenda kwenye rauta, hakuna kilichopotea na hakuna kilichopita 20 ms.

## Hatua ya 5: Kipande cha pili kinaruka, yaani laini na mnara

Mji wetu umekaa kwenye vilima, unaweza kuwa Katubuka na mwenzako yuko nyumba ya kumi kutoka kwako na yeye anashika vizuri wewe hushiki, kisa tu kuna mgongo wa mlima kati yako na mnara. Mistari ya netiweki kwenye rauta haikuambii ukweli. Namba zinakuambia.

Ingia ndani ya rauta, sehemu ya taarifa za kifaa, tafuta mbili: RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi, na ni namba hasi, kwaiyo inayokaribia sifuri ndo nzuri. -80 ni nzuri sana, -100 ni ya kujikongoja, ikifika -110 na kuendelea usitegemee gemu. SINR ni usafi wa mawimbi, hii inayoongezeka ndo nzuri. Juu ya 20 safi kabisa, 13 mpaka 20 nzuri, chini ya 5 utaganda hata kama mistari imejaa, na ikiwa chini ya sifuri ni kama mnaongea sokoni Mwanga Jumamosi, sauti inafika ila maneno hayaeleweki.

Sasa zunguka na rauta nyumbani. Chagua sehemu nne, kila moja iache dakika mbili itulie, andika RSRP na SINR. Kusogeza mita mbili tu au kuigeuza ikaangalia dirisha kunaweza kubadilisha SINR kutoka 4 mpaka 14, nimeona mara nyingi. Ukilazimika kuchagua kati ya sehemu yenye RSRP nzuri na yenye SINR nzuri, kwa gemu mimi nachagua SINR.

Kisha kwenye setingi za mtandao weka 4G peke yake badala ya kuiachia ichague, ili isiwe inashuka 3G na kupanda katikati ya mechi. Kama unakaa mpakani, Manyovu au Kagunga, angalia na jina la mtandao ulioshikwa, ukikuta ni wa Burundi zima romingi mara moja na uchague mtandao wako mwenyewe, kabla salio halijaondoka.

Kama sehemu zote nne ni mbovu, kuna antena ya nje ya kufunga juu ya bati. Hakikisha kwanza rauta yako ina matundu ya antena, sio zote zinayo, na ifungwe ikielekea mnara wa mtandao wako. Au jaribu laini ya mtandao mwingine kwenye simu, palepale, pima pingi kabla hujanunua chochote.

Umefanikiwa ukiona: SINR juu ya 10 saa mbili usiku, sio saa nne asubuhi.

## Hatua ya 6: Foleni ya ndani ya nyumba

Kama namba za mnara ni nzuri na bado unaganda, hasa watu wakiwa nyumbani, soma hii kwa makini maana ndo tatizo nililolikuta kwenye nyumba nyingi kuliko lolote.

Gemu yenyewe inakula kidogo sana, mara nyingi makumi ya MB kwa lisaa, haihitaji hata Mbps 1. Ndo maana bando kubwa halijasaidia. Kinachoua ni foleni. Fikiria mwalo wa Kibirizi, boti imefika na ubao wa kushukia ni mmoja, wabeba mizigo wanashusha magunia ya dagaa mmoja nyuma ya mwingine, na wewe una barua moja tu mkononi ya kupeleka juu haraka. Barua ni nyepesi lakini lazima usubiri magunia. Pakiti ya gemu ni hiyo barua. Magunia ni simu ya dada inayopandisha picha, WhatsApp ya mama inayohifadhi chati, na laptop inayojiapdeti kimyakimya.

Na foleni mbaya zaidi ni ya kupandisha, sio ya kushusha, kwasababu spidi ya kupandisha huwa ndogo na watu hawaiangalii.

Jaribu hivi. Anza `ping 8.8.8.8 -t` uiache inaenda, alafu mwambie mtu apandishe video kubwa kutoka kwenye simu. Kama pingi ilikuwa 60 na sasa inasoma 500 au 900, umeiona foleni kwa macho yako. Mwambie asimamishe. Ikirudi 60 hapohapo, kesi imeisha.

Dawa ziko mbili. Rauta yako ikiwa na sehemu imeandikwa "QoS" au "SQM", yaani ya kupanga foleni ya data, pima spidi yako ya usiku mara tatu, chukua namba ndogo kabisa, weka kikomo asilimia 85 yake. Mfano kupandisha kulikuwa Mbps 6, weka 5. Unaona kama unajinyima lakini rauta sasa ndo inayoongoza foleni badala ya mnara, na barua yako inapita kwanza. Kama kuna sehemu ya kuchagua kifaa cha kupewa kipaumbele, chagua PlayStation.

Rauta nyingi za laini hazina hiyo kitu. Basi zunguka kwenye vifaa: kuhifadhi chati za WhatsApp na picha za Google kufanyike kwa mkono au usiku wa manane, Play Store isijiapdeti yenyewe, Windows iambiwe kwamba mtandao huu una kipimo ("metered"), na kamera ya ulinzi kama ipo ihifadhi kwenye kadi badala ya kupandisha muda wote. Fungua pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta 14 na nyumbani mko watano, badilisha paswedi ya waifai leo hii. Na ongea na watu wa nyumbani kwa adabu, waambie saa fulani mpaka saa fulani nina mechi, mama akieleweshwa anaelewa.

Umefanikiwa ukiona: mtu anapandisha video na pingi yako inaongezeka 30 au 40 tu, haifiki mamia.

## Hatua ya 7: Huwezi kuingia chumba cha mwenzako

Hii ni ile aina ya tatu. Kwenye PlayStation nenda setingi za mtandao, pima muunganisho, soma aina ya NAT (jinsi rauta inavyoruhusu wa nje wakufikie). Aina ya 1 au ya 2 unacheza. Aina ya 3 ndo unakataliwa vyumba na humsikii mwenzako.

Washa UPnP (inayoruhusu gemu ijifungulie njia yenyewe) ndani ya rauta, zima PlayStation kabisa sio kuilaza, washa, pima tena. Wengi wanaishia hapa.

Bado 3? Angalia kama una rauta mbili mfululizo, ile ya mtoa huduma na nyingine uliyonunua ukaichomeka kwake. Zote mbili zinafanya kazi ya mlinzi na kila moja inafunga geti lake. Ile ya pili iweke kwenye hali ya AP, itoe waifai tu.

Bado 3? Tazama anwani ya WAN (ile rauta inayopewa na mtoa huduma) ndani ya rauta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama mmepanga nyumba moja yenye geti moja la barabarani na funguo anazo mwenye nyumba, wewe ukifungua mlango wa chumba chako haisaidii mgeni aliyeko barabarani. Hapo kufungua milango (port) ya TCP 3478 mpaka 3480 na UDP 3478 na 3479, ambayo ndo ya PlayStation, ni kupoteza muda. Unaweza kuomba anwani ya umma kwa mtoa huduma, kwenye faiba inawezekana, kwenye laini ya simu mara nyingi hawatoi. Njia inayofanya kazi kila siku ni kumwachia mwenzako mwenye aina ya 2 afungue chumba, wewe uingie kama mgeni.

Tahadhari: kuna watu watakuambia weka DMZ, yaani kifaa kimoja kiachwe wazi bila ulinzi wa rauta. Usiiweke kwenye laptop hata siku moja, unaianika yote nje.

## Hatua ya 8: DNS na kureseti

DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1 inasaidia kurasa kufunguka na gemu kuanza kuingia. Ukishaingia mechini haipunguzi pingi. Weka kama unataka, songa mbele.

Kureseti kwa pini ni kwa mwisho kabisa. Kabla hujabonyeza piga picha kurasa zote za setingi, hasa APN (jina la kuingilia intaneti ya laini) kwa wenye laini, na jina la mtumiaji na paswedi kwa wenye faiba. Usipokuwa nazo rauta itarudi kama mpya na intaneti inaweza isirudi kabisa. Na kama unaapdeti programu ya rauta fanya wakati umeme umetulia, ukikatika katikati rauta inaweza isiamke tena.

## Hatua ya 9: Kumpigia mtoa huduma

Piga ukiwa umefika hapa na kipande cha pili bado kinaruka. Usiseme mtandao mbovu, watakuambia zima uwashe. Soma kutoka kwenye daftari: "Niko Buzebazeba, kwa siku tatu kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku pingi kwenda 8.8.8.8 inapoteza pakiti 12 kati ya 100, asubuhi haipotezi hata moja, pingi ya rauta ni 1 ms kwa waya, RSRP -84, SINR 3, kifaa kilikuwa kimoja tu." Badilisha ziwe namba zako. Omba namba ya malalamiko yako na uiandike.

Wakikupigia kusema tayari, usiamini mchana. Subiri saa mbili usiku, kaa palepale, waya uleule, pima 100 tena, na uandike chini ya zile za mwanzo.